Kilo Mbili za "Unga wa Serotonini" Kutoka Moshi: Uji Mzuri, Maelezo Mabovu

Nilinunua pakiti mbili za unga huu katika duka moja la vyakula vya asili lililo karibu na soko la Mbuyuni, mjini Moshi, kwa ajili ya binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kila pakiti ina uzito wa kilo moja na bei yake ni shilingi 9,000, wakati unga wa lishe wa kawaida uliokuwa kwenye rafu hiyohiyo uliuzwa shilingi 4,500. Nilipouliza tofauti hiyo inatokana na nini, binti anayeuza, ambaye niliwahi kumfundisha baiolojia akiwa kidato cha pili, alinijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, huu si wa kushibisha tu. Huu una serotonini, unajenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni." Kulisikia neno hilo, jina la kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za neva, katikati ya magunia ya dagaa na maharage kulinifurahisha kiasi kwamba nilitoa pesa kabla sijasoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Kosa hilo ni langu, na kwa kuwa muuzaji ni mwanafunzi wangu, huenda makosa ni mawili. Mtengenezaji simtaji jina. Madai ya namna hii nimeyaona sasa kwenye pakiti za watu wengine pia, na tathmini hii inazihusu kwa kiasi kilekile.

Nianze na uji wenyewe, maana ndicho kitu nilichokilipia. Viambato vilivyoandikwa ni mahindi, ulezi, soya, karanga, mbegu za maboga na ndizi mbivu zilizokaushwa. Unga ni wa kahawia iliyofifia, na ukifungua pakiti unanusa ndizi kabla ya kitu kingine chochote. Nilikoroga vijiko vinne vya chakula katika maji baridi, nikamimina kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka, nikaendelea kukoroga na kuuacha uchemke taratibu kwa dakika 25, kwa sababu soya isiyoiva ina kemikali zinazouzuia mwili kumeng'enya protini, mbali na ile harufu yake ya ubichi ambayo hakuna sukari inayoweza kuifunika. Hapa mtengenezaji anastahili sifa. Soya yake imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa, harufu ya ubichi haipo, na uji haukushika madonge hata kidogo. Ndizi inaupa utamu wa kutosha, kwa hiyo sikuongeza sukari. Pakiti ya pili, hata hivyo, ilikuwa na chenga za mchanga zilizosikika kwenye meno, na binti yangu, ambaye mimba imemfanya achunguze kila kinachoingia mdomoni mwake, aliweka kikombe chini na kusema, "Mama, huu umesagiwa barabarani." Niliupitisha unga wote uliobaki kwenye chekecheke la nailoni na nikapata chenga za kujaza nusu kijiko cha chai. Tarehe ya mwisho wa matumizi nayo imepigwa kwa wino unaofutika ukiugusa kwa kidole chenye maji, jambo ambalo kwa bidhaa ya wajawazito si dogo.

Kinachofanya unga huu uuzwe kwa bei maradufu ni maelezo, na kwa hiyo maelezo nayo ni sehemu ya bidhaa na yanastahili kupimwa kama tunavyopima unga. Pakiti inadai kwamba ndizi za Kilimanjaro zilizomo zina serotonini ya asili inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo wa mtoto. Kwamba kadiri serotonini inavyokuwa nyingi ndivyo ubongo unavyojengeka vizuri. Na kwamba mama ajianzishie matumizi mwezi wa nne wa mimba. Ndani kuna kijikaratasi chenye madai mengine mawili ambayo nitayafikia baadaye, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ni kweli kwamba ndizi ina serotonini. Inayo kiasi kwamba mgonjwa anayepimwa mkojo ili kutafuta uvimbe unaozalisha kemikali hiyo huambiwa asile ndizi siku chache kabla ya kipimo, majibu yasije yakapotosha. Lakini njia ya kutoka kwenye kikombe cha uji hadi kwenye ubongo imefungwa. Serotonini inayoliwa huvunjwa na vimeng'enya vya utumbo na ini, na hata kiasi kidogo kinachosalimika hakiwezi kupenya kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo. Mwili una serotonini tele nje ya ubongo. Takriban asilimia 90 iko kwenye utumbo, ambako husaidia kusukuma chakula, na nyingine hubebwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Ndiyo maana iligunduliwa huko kwanza. Mtaliano Vittorio Erspamer aliipata kwenye utando wa utumbo katika miaka ya 1930 akaipa jina jingine, na mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa wakifanya kazi Cleveland nchini Marekani, waliitenga kutoka kwenye damu walipokuwa wakitafuta kitu kinachokaza mishipa. Betty Twarog ndiye aliyeikuta kwenye ubongo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Kama ndizi ingekuwa inaipeleka serotonini kichwani, sisi tuliokuzwa kwa vyakula vya ndizi kama mtori na machalari tungekuwa watu watulivu kuliko wote nchini, na vikao vya ukoo kuhusu mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, vingemalizika ndani ya dakika tano.

Kinachovuka ni malighafi. Ubongo hujitengenezea serotonini yake kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ambayo mwili hauwezi kuiunda, hivyo lazima itoke kwenye chakula. Hatua ya kwanza ya kuigeuza hufanywa na kimeng'enya kinachohitaji madini chuma, na hatua ya pili hufanywa na kingine kinachohitaji vitamini B6. Kwa maana hiyo vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa mama kliniki, ambavyo wengi huviacha kabatini kwa sababu vinawafungisha choo, vina uhusiano wa karibu zaidi na serotonini kuliko ndizi iliyokaushwa. Tena triptofani huingia kwenye ubongo kwa mlango mmoja na asidi amino nyingine kubwa, ikigombea nafasi nazo, na kwa kawaida yenyewe ndiyo chache kuliko zote katika chakula. Mtu hawezi kusema kwamba amekula triptofani nyingi asubuhi, kwa hiyo serotonini imepanda mchana.

Kwa kipimo hiki cha malighafi, unga wenyewe una heshima yake. Soya, karanga na mbegu za maboga ni vyanzo vizuri vya triptofani, na vinafidia upungufu wa mahindi, ambayo ni maskini wa triptofani na wa asidi amino nyingine iitwayo lisini. Upungufu huo si wa kufikirika: mwili hutumia triptofani pia kutengeneza niasini, yaani vitamini B3, na watu walioishi kwa mahindi matupu katika sehemu nyingi za dunia waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Sisi wa Kaskazini tulipaswa kuwa wa kwanza kulizungumza jambo hili, kwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, hapo Arusha, ndicho kilichotoa mbegu za mahindi zinazoitwa Lishe, zenye lisini na triptofani nyingi kuliko mahindi ya kawaida. Chanzo cha mahindi ya aina hiyo ni badiliko la kijeni ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha faida yake katika miaka ya 1960, na ambalo Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wakiwa Mexico, walifanya kazi kwa miaka mingi hadi likapatikana kwenye punje ngumu ambayo mkulima anaikubali. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Mtengenezaji ambaye angetumia mahindi ya Lishe angekuwa na jambo la kweli la kuandika mbele ya pakiti yake. Nilipiga simu namba iliyoandikwa hapo na kuuliza ni mahindi gani. Niliambiwa ni mazuri, yanatoka Manyara.

Sasa dai kubwa, kwamba serotonini ni kama mbolea na ukiiongeza ubongo unastawi. Mwalimu anayesahihisha mtihani angeanza kwa kukubali kilicho sahihi: serotonini inahusika kweli katika ujenzi wa ubongo, na inahusika mapema kuliko wengi wetu tulivyofundishwa. Kwa binadamu, seli za kwanza za neva zinazoitengeneza huonekana yapata wiki ya tano ya mimba, wakati mama wengine ndiyo kwanza wanahesabu siku na kujiuliza. Seli hizo hukaa katikati ya shina la ubongo na hata kwa mtu mzima ni laki chache tu, katika ubongo unaokadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, lakini nyuzi zake husambaa karibu kila pembe ya ubongo. Kabla ya nyuzi hizo kufika mbele, serotonini tayari ipo huko. Mwaka 2011 kundi la watafiti akiwemo Alexandre Bonnin na Pat Levitt lilionyesha, kwa kutumia panya, kwamba kondo la nyuma huchukua triptofani ya mama, huigeuza kuwa serotonini, na kuupatia ubongo wa mbele wa kijusi katika kipindi hicho cha mwanzo. Kondo lile ambalo bibi zetu walilizika kwa uangalifu mgombani lilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeijua. Katika hatua hiyo kemikali hii inakuwa bado haijaanza kazi yake ya kupeleka taarifa kati ya seli. Inagusa namna seli zinavyogawanyika, zinavyohama kwenda mahali pake na zinavyotandaza nyuzi zake. Kwa hiyo ushauri wa pakiti wa kuanza mwezi wa nne, hata tukijifanya kwamba ndizi ingesaidia, unamfikia mama wakati msingi umekwishamwagwa.

Kuhusu wingi, jaribio ambalo ningependa kila mwandishi wa pakiti alisome ni lile la sharubu za panya. Panya hutambua mazingira yake kwa sharubu, na kwenye gamba la ubongo wake kila sharubu ina kishada chake cha seli, kimoja kwa kila unywele, kwa mpangilio uleule wa mistari uliopo usoni. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti waliwachunguza panya waliokosa kimeng'enya kinachovunja serotonini, ambao kwa hiyo walikuwa na serotonini nyingi kupita kiasi tangu mwanzo wa maisha. Ramani ile haikujitokeza. Nyuzi za sharubu moja zilimwagikia eneo la nyingine, kama vihamba viwili ambavyo masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yameng'olewa usiku. Wachanga hao walipopewa, katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, dawa inayozuia utengenezaji wa serotonini, ramani ilirejea. Upande wa pili, panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza serotonini ndani ya ubongo kabisa hawakufa wote, na ubongo wao kwa kuutazama ulifanana na wa wenzao, lakini walidumaa katika wiki za mwanzo na mwili wao ulishindwa kuratibu vizuri joto na pumzi. Nikiyaweka matokeo haya pamoja, naona kemikali inayohitajika kwa kiasi chake na kwa wakati wake, na ambayo kuzidi kwake kunaharibu kama kunavyoharibu kukosekana. Panya si binadamu, na mimba haina sharubu, lakini neno "zaidi" kwenye pakiti halina pa kuegemea hata kwa panya.

Nirudi kwenye kijikaratasi. Dai lake la kwanza ni kwamba unga huu unazuia usonji. Tangu mwaka 1961 imejulikana kwamba baadhi ya watu wenye usonji, takriban robo yao, wana serotonini nyingi kuliko kawaida katika damu, na bado wanasayansi wanajadiliana maana ya jambo hilo. Mtu anayeuza nyongeza ya serotonini kama kinga ya usonji amelishika suala kwa upande usio na mpini. Zaidi ya hapo, maneno hayo yanamwambia mzazi wa mtoto mwenye usonji kwamba hakunywa uji wa kutosha. Nina wazazi wa namna hiyo katika jumuiya yangu, na singependa pakiti hii iwafikie.

Dai la pili ndilo baya zaidi. Kijikaratasi kinasema mama anayetumia unga huu anaweza kuachana na dawa za sonona, kwa sababu dawa hizo zinaharibu serotonini ya mtoto. Lipo jambo la kweli lililopindwa hapa. Dawa kama fluoxetine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli iliyoitoa, na huvuka kondo la nyuma. Na mwaka 2004 yalitangazwa matokeo kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa wachanga walikua wakiwa na tabia za woga zilizozidi. Kwa binadamu matokeo ya tafiti yanatofautiana, na ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na athari ya ugonjwa wenyewe, kwa maana sonona isiyotibiwa nayo ina madhara kwa mama na kwa mtoto. Huo ni uamuzi wa kupimwa na daktari na mama mwenyewe, kwa kuangalia hali yake, dozi yake na historia yake. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kumrudisha mtu mahali pabaya katika wiki chache. Mjini hapa kuna hospitali ya Mawenzi na kuna ya KCMC. Hakuna sababu ya mama kuamua jambo la uzito huo kwa kusoma karatasi iliyokunjwa ndani ya unga.

Nafasi iliyopotezwa kwa madai hayo ingeweza kubeba mambo yenye faida. Karanga na mahindi ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa sana na sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mama mjamzito angependa kujua kama karanga zilizomo zilipimwa na zilihifadhiwaje. Pakiti ina alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, lakini namba ya toleo haisomeki, na bila namba hiyo hata mtengenezaji mwenyewe hawezi kujua ni mzigo upi uliokuwa na mchanga. Na kama alitaka lazima aandike kuhusu serotonini, angeandika kuhusu usingizi wa mtoto. Seli zile za shina la ubongo husaidia kuratibu pumzi na kumshtua mtoto pale hewa inapopungua, na watafiti wa Boston, Hannah Kinney akiwa mmoja wao, walikuta kasoro katika mfumo huo kwa wachanga wengi waliofariki ghafla usingizini. Hilo lingempa mama kitu cha kufanya bila gharama yoyote: amlaze mtoto chali kila anapolala, mahali pagumu kiasi, bila mito wala nguo nzito karibu na uso.

Nilikwenda kumrudishia muuzaji kijikaratasi. Alikisoma chote akiwa amesimama, jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya kabla, kisha akaniuliza kama awe anakitoa kwenye pakiti zilizobaki. Nilimwambia ndiyo, na ampigie simu anayemletea mzigo. Pesa yangu sikuidai, kwa kuwa pakiti ya kwanza tulikwishaimaliza na ilikuwa tamu.

Kama uji, naupa alama 7 kati ya 10, na ningetoa 8 kama si mchanga. Kwa maelezo naupa 2, na hizo mbili ni za kuandika neno "serotonini" bila kukosea herufi. Kwa bei yake siwezi kumshauri mtu aununue, hasa akiwa Moshi, ambako kila kiambato kinapatikana sokoni kwa hatua chache. Wiki iliyopita nilinunua mahindi, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, nikachagua karanga moja moja na kutupa zote zilizosinyaa au kubadilika rangi, nikakaanga soya mwenyewe jioni, na asubuhi nikapeleka kwenye mashine ya kusaga Kiborloni. Kila kitu pamoja na kusagisha kilinigharimu chini ya shilingi 4,000 kwa kilo. Kijana wa mashine, alipoona mchanganyiko ule unaingia, aliniuliza, "Mama, huu ni unga wa nini?" Nikamwambia ni wa uji.